Masikio ya Kupaza

Saa kumi na moja na nusu, Amani haijaamka.
Ukungu umeyalalia majani ya chai kama mgonjwa
asiyetaka kugeuzwa.
Kupaza yuko mbele, buti za mpira, daftari mfukoni,
mimi nyuma na darubini ya ofisi,
kioo kimoja kina ufa.

Tunahesabu ndege.
Kila Alhamisi, njia ileile: kutoka nyasi ndefu
nyuma ya zahanati, hadi mgongo wa Mbomole,
vituo kumi na viwili, kila kituo dakika kumi,
bila kusema, bila kukohoa,
bila kumpiga mbu anayekunywa shingoni.

Alinifundisha kuona kwa sikio.
"Msituni," alisema, "jani ni shahidi wa uongo."
Akanikaririsha:

    Tiva huita mkewe, mke naye huitika,
    Dudumizi mtungiwe, maji humwaga haraka,
    Hondohondo na mwenziwe, wakipita hutucheka,
    Chozi msikize wewe, uzi usiokatika.

Na alikuwa mkali wa sarufi.
"Andika chozi *wa* Amani. Wa, binti Shekiondo.
Wa huimba. La hudondoka."

Mwaka huu daftari limeanza kukonda.
Kituo cha tatu, chozi: sifuri. Cha nne: sifuri.
Ofisini wakachora mstari unaoteremka,
wakasema joto, wakasema ndege wanahama,
wakasema msitu una homa.
Nami Machi ile nilikuwa nimesimama chini ya msambu,
chozi akishona hewa juu yetu, tsii, tsii-tsii,
na Kupaza, kwa mwandiko wake mzuri,
anachora duara tupu.

Sikusema.
Utaanzaje kumwambia mtu kwamba kilichohama si ndege?

Kabla ya daftari alikuwa kiwanda cha mbao,
miaka kumi na minne akishika mkia wa msumeno.
Huwa haisemi miaka hiyo, isipokuwa mara moja, mvua imetufungia
kwenye kibanda cha iliki:
"Kila mti ulipiga kelele mara moja tu.
Mimi nilizisikia zote."
Sauti nyembamba ndizo hutangulia kuondoka,
kama wageni wenye adabu.
Hondohondo bado anamsikia.
Hondohondo hata maiti angemsikia.

Leo, kituo cha saba.
Jua limeingia kwa chini, linapapasa magome.
Chozi kaanza.
Kupaza katazama saa, kafungua kalamu,
mdomo tayari umeshika umbo la *hamna*.

Nikamshika mkono.
Mwenyewe sijui nilipata wapi ujasiri huo.
Nikaweka kidole juu ya mshipa wake, nikagonga:
moja. Mbili-mbili. Moja.
Kimya. Moja. Mbili-mbili.
Akanitazama kwa hasira, kisha si kwa hasira.
Akafumba macho.
Tukakaa hivyo dakika nane zilizobaki,
ndege juu, kidole changu katikati,
na yeye chini akipokea, akitikisa kichwa polepole
kama anayehesabiwa chenji yake.

Daftari lina safu isemayo: *Umemtambuaje?*
Majibu ni mawili tu, kuona au kusikia.
Kupaza alisita. Akayakata yote kwa mstari,
akaandika pembeni: *kuguswa*.
Na kwenye jina, kalamu ikitetemeka,
*chozi la Amani*.

Sikumsahihisha.

Tulipokuwa tunashuka, nyasi zimetulowesha hadi kiunoni,
aliuliza bila kugeuka:
"Zile sifuri. Ngapi ni zangu?"
Nikamtajia, kituo baada ya kituo, tangu Machi.
Alisimama kwenye ukingo wa shamba la chai akizifuta kwa mate na kidole,
karatasi ikichanika mahali pawili.

Nyingine nilimwambia aziache.
Nyingine zilikuwa sifuri kweli.